Vyombo Vilibaki Jukwaani

Mwanamuziki wa dansi alipohama bendi nchini Tanzania, wapenzi wake waliuliza mambo mawili: amekwenda wapi, na huko alikokwenda kuna vyombo? Swali la pili ndilo lililoamua maisha yake. Gitaa alilolipiga kwa miaka halikuwa lake. Amplifaya, spika, saksafoni, tumba na hata maikrofoni aliyoimbia vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, shirika la umma, klabu ya wanachama au tajiri mwenye ukumbi. Siku ya kuondoka alishuka jukwaani na sauti yake, vidole vyake na jina lake, basi.

Katikati ya nchi kulikuwa na wanamuziki wa aina nyingine, ambao vyombo vyao walivichonga wenyewe. Ukitoka Dodoma kwa treni ya Reli ya Kati kuelekea Tabora, unaiacha Bahi nyuma na kuingia Mkoa wa Singida bila kuona dalili yoyote kwamba umevuka mpaka. Kintinku, Saranda na Manyoni ni vituo vya Singida, lakini watu wengi wa upande huo ni Wagogo, ndugu wa hao walioachwa Bahi na Mvumi. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 1963, na mstari uliochorwa wakati huo haukuzitenganisha familia wala nyimbo zao. Mwanyaturu wa Ikungi na Mnyiramba wa Kiomboi wana ngoma zao. Huku Manyoni, muziki ni ule ule wa Ugogo: zeze, ilimba, filimbi, ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama, na waimbaji wanaopishanisha sauti kwa namna ambayo imewavuta watafiti kutoka mbali. Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1950 alipopita Tanganyika na mitambo yake. Miongo kadhaa baadaye Mhispania Polo Vallejo aliichunguza kwa miaka mingi na kuandika vitabu juu yake.

Ardhi hiyo ya Wagogo ilitoa wanamuziki wawili ambao njia zao zinaonyesha vizuri nini humpata mtu baada ya kundi lake kuvunjika au yeye kuliacha. Mmoja alishika gitaa la umeme, mwingine alibaki na ilimba.

Aliyeshika gitaa ni Patrick Balisidya, aliyezaliwa Mvumi mwaka 1946. Alianza kusikika Dar es Salaam akiwa na Dar es Salaam Jazz, bendi kongwe yenye mizizi katika miaka ya 1930, kisha mwaka 1970 akaunda kundi lake na kulipa jina la mwaka huo huo: Afro 70. Mtindo wao waliuita Afrosa. Vijana wa wakati ule walikuwa wanasikia soul na rock kutoka Marekani na Uingereza, rumba kutoka Congo, na nyumbani kwao walikuwa wamekulia kwenye ngoma na kwaya za kanisani. Balisidya aliviweka vyote hivyo katika chungu kimoja. Nyimbo kama «Weekend» na «Harusi» zilivuka kizazi chake, na «Harusi» bado inapigwa kwenye sherehe ambako bwana na bibi harusi hawakuwa wamezaliwa Afro 70 ilipokuwa hai.

Mwaka 1977 Afro 70 ilikwenda Lagos kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi lililofanyika kuanzia Januari hadi Februari mwaka huo. Kwa bendi ya Tanzania, hapakuwa na jukwaa kubwa zaidi ya hilo. Lakini bendi haikudumu baada ya kilele hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Balisidya alikuwa Sweden, akirekodi na kundi la huko lililoitwa Archimedes albamu ya Bado Kidogo. Waliopiga naye walikuwa Wazungu wa Ulaya ya kaskazini, ila sauti na tungo zilibaki zake. Alirudi nyumbani na kuendelea kupiga muziki kwa nyakati tofauti, na alipofariki mwaka 2004 redio zilimlilia kwa nyimbo alizozitunga zaidi ya miaka 25 nyuma.

Hapo kuna jambo la kusikitisha. Balisidya alikuwa na jina linalojulikana nchi nzima, alikuwa na tungo, alikuwa ameonwa Lagos na kusikika Sweden. Bado hakuna bendi ya pili aliyoweza kuisimamisha ikafikia Afro 70. Katika Tanzania ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, fedha za kigeni zilikuwa haba kiasi kwamba gitaa jipya la umeme au jozi ya spika ni vitu ambavyo mtu binafsi alivipata kwa taabu sana. Mwanamuziki bila mwenye vyombo alikuwa fundi asiye na karakana.

Wenzao wa Uingereza wa kizazi hicho waliondoka kwenye makundi yao katika mazingira tofauti kabisa. Fairport Convention, bendi ya London iliyoanza mwaka 1967 na kuwa maarufu kwa kuzipiga nyimbo za kale za vijijini kwa magitaa ya umeme, ilipoteza watu wake mmoja baada ya mwingine. Iain Matthews aliondoka na kuunda kundi lililoshika namba moja Uingereza mwaka 1970 kwa wimbo wa «Woodstock». Ashley Hutchings aliondoka mwishoni mwa 1969 akaanzisha Steeleye Span. Sandy Denny aliondoka wakati huo huo akaunda Fotheringay, kisha akaanza kuimba peke yake; alifariki mwaka 1978. Richard Thompson aliaga mwaka 1971 na kuendelea kutunga na kupiga gitaa kwa zaidi ya nusu karne. Walikuwa na mikataba ya kurekodi, maduka ya vyombo, na chombo cha kukusanya mirabaha ya watunzi kilichokuwepo tangu 1914. Wimbo uliopigwa redioni ulimfuata mtunzi wake popote alipohamia.

Kwetu, wimbo ulibaki redioni na mtunzi akaenda zake.

Tuangalie NUTA Jazz, kwa sababu historia yake ni karibu historia nzima ya kuhama bendi nchini. Iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, jambo lililowapa heshima ambayo mpiga dansi wa mtaani hakuwa nayo: mwisho wa mwezi unajua utakula nini. Muhiddin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe aliyekuwa ameshapita Kilwa Jazz na bendi nyingine, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mtindo wao mkuu ulichukua jina la ngoma ya jadi, Msondo, na jina hilo likaja kuwa jina la bendi yenyewe baada ya chama kubadilika kuwa JUWATA na kisha OTTU.

Mwaka 1978 Gurumo na wenzake kadhaa walihama. Walikwenda kwenye bendi mpya iliyokuwa ikipiga katika baa ya Mlimani Park, chini ya kampuni ya usafiri na teksi ya Tanzania, TTTS. Huko walikutana na Michael Enoch, mpiga vyombo hodari aliyelelewa na Dar es Salaam Jazz, na wakaunda kitu ambacho wapenzi wengi wa dansi, nami nikiwemo, tunakihesabu kuwa kilele cha muziki wa Tanzania. Mtindo wao waliuita Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Kampuni iliyowaanzisha iliposhindwa kuendelea, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, liliichukua bendi mwaka 1983, nayo ikaitwa DDC Mlimani Park Orchestra. Wanamuziki hawakubadilika. Mwenye vyombo alibadilika.

Msondo na Sikinde zote mbili ni ngoma za pwani, na si mitindo ya majina tu: mapigo yake yaliingia kwenye tumba na kwenye besi, na mashairi yake yalibeba mafumbo ya aina ile ile mtu anayoyasikia kwenye ngoma za kijijini. Ndiyo maana si haki kuiita dansi ya Tanzania nakala ya rumba ya Congo. Ni muziki wa jadi uliowekewa umeme, na waliouweka umeme huo walikuwa waajiriwa.

Mwaka 1985 tajiri Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, alifanya usajili uliotikisa jiji. Aliijenga upya bendi yake kwa kuwachukua nyota wa Mlimani Park, Gurumo akiwemo pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar, na mtindo mpya ukaitwa Ndekule. Kwa mwanamuziki, hesabu ilikuwa rahisi. Tajiri ana vyombo vipya, analipa zaidi, na huku kwenye shirika la umma vyombo vinachoka bila kubadilishwa. Mlimani Park haikufa. Ilipandisha waimbaji wengine na kuendelea. Ndekule ilivuma kwa miaka michache, kisha mwenye mali alipoamua biashara imetosha, bendi ilikwisha. Gurumo akarudi kwenye bendi aliyoshiriki kuianzisha mwaka 1964. Alistaafu mwaka 2013 akiwa Msondo Ngoma na kufariki Aprili 2014, baada ya karibu nusu karne ya kuimba.

Alihama, akahama tena, akarudi. Katika safari yote hiyo, kila jukwaa alilopanda lilikuwa na mwenyewe.

Wako waliotafuta njia ya kutoka kwenye duara hilo kwa kuvuka mpaka. Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa roho ya Morogoro Jazz na aliyeipeleka bendi hiyo hadi Osaka, Japan, kwenye maonyesho ya Expo 70, aliondoka mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Alijua soko la sahani za santuri liko Nairobi, maana Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Bendi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikawekwa maktaba, na nyimbo zikarushwa hewani. Nairobi kulikuwa na kampuni, studio na viwanda. Mbaraka akawa anakwenda na kurudi, na wimbo wake «Shida» ukawa miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zilizopendwa zaidi katika Afrika Mashariki. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Kwa kuwa Super Volcano ilikuwa yeye, haikuwa na maisha marefu bila yeye.

Ndugu watatu wa familia ya Kinyonga, Wilson, George na William, walifanya zaidi ya hapo. Walitoka Tanga, wakapiga Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha na kuunda Arusha Jazz mwaka 1970, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi wakawa Simba Wanyika. Huko ndiko mti ulipochipua matawi. Mwaka 1978 sehemu kubwa ya wapigaji wake, Omar Shabani wa gitaa la rithimu na Tommy Malanga wa besi wakiwa miongoni mwao, waliondoka na kuunda Les Wanyika wakiwa na John Ngereza. «Sina Makosa» ya mwaka 1979 ikawapa jina ambalo bendi mama haikuwahi kulizidi kirahisi. Issa Juma naye akawa na Super Wanyika yake. Wilson Kinyonga alifariki mwaka 1995, na Simba Wanyika ikafikia mwisho wake.

Katika muziki wa Kiswahili wa Afrika Mashariki hakuna bendi iliyovunjika ikazaa matunda kama hiyo. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba Nairobi ilikuwa na soko ambalo mwanamuziki aliyehama angeweza kuingia na wimbo mmoja mzuri, akarekodi kwa kampuni, akapata pa kuanzia. Dar es Salaam alihitaji kwanza kumpata mwenye vyombo.

Sasa turudi kwa yule wa ilimba.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa kijiji cha Doduma, Dodoma, mwishoni mwa miaka ya 1930, katika familia ya wafugaji na wanamuziki. Katika miaka ya 1960 taifa changa lilikuwa linatafuta sura yake. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni na vijana, akilalamika kwamba wasomi wa Kiafrika walifundishwa kuona aibu kwa ngoma za kwao. Kikundi cha taifa cha ngoma kiliundwa, na wapigaji wakatafutwa mikoani. Zawose aliitwa Dar es Salaam. Akaja na vyombo vyake.

Inafaa kukitazama chombo hicho kwa karibu. Ilimba ya Kigogo ni boksi la mbao lenye safu za vijiti vya chuma vilivyofuliwa vikawa bapa. Vijiti hushikiliwa na upau juu ya daraja. Ukikivuta kijiti kije mbele kidogo, sauti inashuka. Ukikigonga kirudi nyuma, sauti inapanda, na hivyo mpigaji hutuni chombo chake mwenyewe kwa sikio lake. Baadhi ya vijiti havipigwi kabisa. Vimewekwa vitetemeke vyenyewe pale vya jirani vinapoguswa na vidole gumba. Kwenye ubao hutobolewa tundu, na juu yake hubandikwa utando mweupe unaotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Utando huo ndio unaoleta mvumo unaofanana na mlio wa nyuki, na Mgogo asipousikia mvumo ule huona ilimba haijakamilika. Zeze nalo ni kibuyu, mpini wa mti, nyuzi na upinde. Hapana tajiri anayeagiza vitu hivi kutoka ng'ambo. Mti, kibuyu na buibui viko Kintinku kama vilivyoko Doduma, na chuma hupatikana kwa mhunzi.

Kwa hiyo serikali ilipovunja vikundi vyake vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, na mahali pake pakaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, Zawose hakupoteza kitu jukwaani. Wengi wa wasanii wa vikundi vile wakawa walimu. Yeye alihamia Bagamoyo, akafundisha, akazijengea ilimba vijiti vingi zaidi na zeze nyuzi nyingi zaidi kuliko zile alizozikuta kwa wazee wake, na akawakusanya ndugu zake kuwa kundi. Mwaka 1985 kampuni ya Triple Earth ya Uingereza ilitoa albamu ya Tanzania Yetu. Baadaye ikaja Chibite mwaka 1996 chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na kisha Mkuki wa Rocho, alipokuwa na mpwa wake Charles Zawose.

Albamu ya Assembly, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndiyo inayostahili kusikilizwa na kila anayependa muziki wa kuchanganya. Mwanamuziki wa Kanada Michael Brook aliweka gitaa la umeme na sauti za mitambo chini ya ilimba na chini ya ile sauti ya Zawose iliyoweza kushuka kama mngurumo na kupanda hadi juu ya sauti za wanawake. Afro 70 ilianza na gitaa na kulitafutia nafasi ya jadi ndani yake. Assembly ilianza na jadi, na gitaa ndilo lililobisha hodi. Mwaka 2002 Hukwe na Charles walizunguka Amerika ya Kaskazini katika ziara ya Peter Gabriel, wakipiga mbele ya maelfu ya watu katika kumbi za michezo, wakiwa na vyombo vilivyotengenezwa kwa mikono Bagamoyo.

Hukwe Zawose alifariki Desemba 30, 2003, na Charles akamfuata mwaka 2004. Bendi nyingi za dansi zilipopoteza kiongozi zilikufa. Familia hii haikufa kimuziki, kwa sababu ufundi wa kutengeneza chombo ulikuwa umeshahamia kwenye mikono ya watoto. Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe, alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017, akiwa ameunganisha zeze na ilimba na mitambo ya kisasa. Mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Wanawake wa familia hiyo walikuwa wameitikia na kucheza nyuma ya wanaume kwa miaka mingi. Sasa wameshika ilimba na kuimba mbele. Hilo si badiliko dogo, na ni vigumu kuliwazia bila kukumbuka kwamba chombo kilikuwa nyumbani, na yeyote aliyetaka kukijifunza angeweza kukichukua ukutani.

Kuna mlango mwingine ambao wanamuziki wengi walioacha bendi walipitia: kanisa. Cosmas Chidumule, mmoja wa sauti kuu za Mlimani Park, aliacha dansi na kuimba injili. Remmy Ongala, aliyezaliwa Congo mwaka 1947 na kuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, akaja kuwa kiongozi wa Super Matimila na kutoa Songs for the Poor Man mwaka 1989, naye katika miaka yake ya mwisho aliachana na dansi akamwimbia Mungu hadi alipofariki Desemba 2010. Wapo waliowalaumu. Mimi siwalaumu hata kidogo. Kanisa lina ukumbi, lina vyombo, na lina watu wanaofika kila Jumapili. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote akitegemea vyombo vya wengine, hapo ndipo palipokuwa na makazi.

Singida inaufahamu mlango huo tangu zamani. Mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, Howard Olson, alifanya kazi miongoni mwa Wanyaturu, akaisoma lugha yao hadi kuandika tasnifu juu ya sarufi yake, iliyochapishwa mwaka 1964. Baadaye akiwa Makumira, Arusha, alikusanya nyimbo za ibada zilizotumia tuni za makabila ya Tanzania na kuzitoa katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Wakati ule makanisa mengi yalikuwa bado yanaimba tuni za Kijerumani na Kiingereza zenye maneno ya Kiswahili. Kwaya za Singida za leo, na zile kanda na video zao zinazouzwa stendi, zimejengwa juu ya mabadiliko hayo.

Sheria nayo ilikuja, ingawa kwa kuchelewa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kikaundwa kwa mujibu wake. Kizazi cha Gurumo na Balisidya kilikuwa kimeshatoa kazi zake bora kabla ya hapo. Nyimbo zao zilikuwa zimerekodiwa redioni, zimenakiliwa kwenye kaseti na kuuzwa vibandani nchi nzima, na fedha ya kaseti hizo haikuwa na njia ya kumfikia aliyetunga. Ndiyo maana utakuta mtu aliyeimba wimbo unaojulikana kutoka Mtwara hadi Bukoba akimaliza uzee wake kwa michango ya wapenzi.

Chamwino, upande wa mashariki katika Mkoa wa Dodoma, wameonyesha kinachoweza kufanyika. Kituo cha sanaa cha huko, kwa juhudi za mwanamuziki na msomi Kedmon Mapana, kimekuwa kikiendesha tamasha la muziki wa Wagogo tangu mwaka 2009, ambapo vikundi vya vijijini vinapanda jukwaani kwa majina yao wenyewe na kupewa heshima mbele ya watu wao. Wagogo wa Manyoni ni sehemu ya muziki huo huo. Singida ina watu wake wa zeze na ilimba upande wa Kintinku, ina ngoma za Wanyaturu na Wanyiramba, ina kwaya, na ina wazee waliowahi kupiga gitaa kwenye bendi za miaka ya 1970 na 1980 kisha wakarudi nyumbani kulima alizeti na vitunguu.

Kwa maofisa utamaduni wa wilaya za mkoa huu, na hasa kwa vijana wenye simu mkononi: nendeni kwa wazee hao sasa. Warekodini wakipiga, lakini pia waulizeni walipiga bendi gani, waliondoka lini, vyombo vilikuwa vya nani, na nyimbo zipi ni tungo zao. Andikeni jina la mtunzi na kijiji chake kwenye kila rekodi, na msaidieni kuzisajili COSOTA angali hai. Na kama nyumbani kwenu kuna ilimba iliyotundikwa, mwombeni mwenye nayo amfundishe mtoto mmoja kuitengeneza, si kuipiga tu.